Mtumbwi wa faiba: usifiche ufa kwa rangi

Samaki wa Kyavinyonge, Ziwa Edward, wanaliwa Butembo na Beni, lakini kwanza mtumbwi urudi salama. Kama ni wa faiba na umezeeka, kila mkwaruzo ukaguliwe mbele ya kupaka rangi. Gonga hapo taratibu kwa mpini wa kisu. Mlio ukiwa mzito, kama kitu kilicho wazi ndani, tabaka zimeachana: ita fundi. Kama ni ngozi ya juu tu imechubuka, osha, acha ikauke kabisa, sugua na msasa. Kisha jaza rezini yenye rangi, iliyochanganywa na kigumishi, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2. Fuata maandishi ya kopo. Funika pua na mdomo, vumbi lake ni baya. Maji yakifungiwa ndani, yanaharibu faiba polepole, na rangi nzuri inadanganya macho.