Brasi, Risasi na Dakika za Mashine

Kwa kilo, brasi ni ghali kuliko chuma mara kadhaa. Hata hivyo koki, nati na vali za mitungi ya gesi zinaendelea kukerezwa kwa brasi, na sababu mojawapo kubwa ni risasi kidogo iliyomo ndani yake.

Aina maarufu, ambayo Wamarekani huiita C36000, ina shaba asilimia 60 hadi 63, risasi karibu asilimia 3, na karibu yote iliyobaki ni zinki. Risasi haichanganyiki kabisa na wenzake. Metali inapoganda, hujitenga ikawa vitone vidogo vilivyotapakaa kila mahali. Kisu cha mashine kikipita, chenga hukatika hapo hapo, fupi kama chenga za mchele, badala ya kutoka utepe mrefu unaojisokota na kumlazimisha fundi asimamishe kazi. Risasi hiyo hiyo hupunguza msuguano kwenye makali ya kisu. Katika orodha za wepesi wa kukerezwa, C36000 ndiyo iliyopewa alama 100. Aloi nyingine za shaba hupimwa kwayo.

Kwa hiyo mwenye kiwanda hununua kilo lakini hesabu yake ni ya dakika. Na chenga hazitupwi: hurudi kwenye tanuri, zikirudisha sehemu nzuri ya fedha. Mji wa Jamnagar, Gujarat, nchini India, una sekta nzima iliyojengwa juu ya mzunguko huo, kwa maelfu ya karakana ndogo zinazoyeyusha skrepa kutoka nchi za nje.

Tatizo ni maji ya kunywa, kwani risasi ni sumu. Tangu Januari 2014, Marekani hairuhusu zaidi ya wastani wa asilimia 0.25 ya risasi kwenye sehemu za mabomba na koki zinazoguswa na maji hayo; awali kikomo kilikuwa asilimia 8. Mbadala upo. Brasi ya silikoni ina shaba karibu asilimia 75, hivyo bei hupanda, na visu huisha mapema. Ya bismuthi hukatika vizuri, lakini ikiingia kidogo tu kwenye skrepa nyingine, metali hupasuka ikifuliwa moto.

Kwa maoni yangu, mzigo mkubwa uko hapo, kwenye kuchambua chenga. Karakana yenye pipa moja la chenga haiwezi kukereza brasi ya risasi pamoja na mbadala wake bila kuzichanganya. Shehena iliyochanganyika hununuliwa kwa bei ya chini.