Tamasha la mji mdogo hulipwa na familia

Asubuhi ya mbio za punda mjini Lamu, biashara ya kwanza kufunguliwa ni ya karai. Wapanda punda bado hawajajipanga, mgeni rasmi bado yuko hotelini, lakini akina mama wameshateleka mafuta, viazi vimechemshwa na kumenywa, unga umekorogwa na manjano hadi ukawa mzito, na ukwaju umetiwa kwenye chupa zilizotobolewa vizibo. Mteja wa kwanza ni mtoto mwenye sarafu. Anakula viazi viwili wima wima, analamba vidole, kisha anamkimbilia mama yake kuomba vingine. Mama anakuja kuonja, dada mkubwa anataka vyake vifungwe kwenye karatasi, na mwisho baba, aliyeapa tangu nyumbani kwamba leo mkono hauingii mfukoni, anatoa simu na kuuliza namba ya kulipia.

Ukitaka kujua tamasha la mji mdogo linaingiza nini, anzia hapo, usianzie jukwaani. Jukwaa, vipaza sauti, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe na fulana za wafadhili ni gharama. Mapato yako kwenye karai, kwenye boti, kwenye nyumba za kulala na kwa mpaka hina. Na huko kote mteja anayeacha fedha nyingi si kijana aliyefuata muziki wa usiku, wala mtalii mwenye kamera ndefu. Ni familia.

Sababu zake ni za kawaida kabisa. Vijana watano hujibana chumba kimoja, na wakikikosa watalala popote. Watu watano wa nyumba moja, pamoja na bibi na mtoto wa kunyonya, hawajibani. Wanataka nyumba yenye jiko, maji na mlango unaofungika. Watoto nao hawangoji wakati wa chakula. Hula kila wanapoona kinacholiwa, kuanzia mahamri ya alfajiri hadi mabuyu ya jioni. Na mzazi aliyewasafirisha watoto watatu kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, kisha akawavusha kwa boti hadi kisiwani, hageuzi kesho yake. Hulala usiku mmoja zaidi ili safari imlipe. Usiku huo mmoja ndio faida ya mwenye gesti.

Lamu ina kitu ambacho miji mingine ingekilipia: vichochoro visivyopitika kwa gari. UNESCO iliuingiza mji wake wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa sababu ya majumba ya mawe na utamaduni wa watu wake. Mzazi, hata hivyo, hupendezwa zaidi na kwamba mtoto anaweza kumtangulia hadi kona ya pili bila roho kumruka. Kinachobaki cha kuogopwa ni teke la punda.

Mji huu una misimu miwili mikubwa ya sherehe, na kwa macho ya biashara ni vitu viwili tofauti. Kuna Tamasha la Utamaduni, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba. Hili lina bajeti, wafadhili, mabango na hotuba. Halafu kuna Maulidi ya Mfungo Sita katika msikiti wa Riyadha, desturi iliyotokana na mwanachuoni Habib Swaleh zaidi ya karne moja iliyopita. Maulidi hayana tiketi wala meneja wa masoko. Wageni huja kutoka mwambao wote wa Kenya, kutoka Unguja na hata Komoro, na wengi hulala kwa ndugu au huhifadhiwa na wenyeji wao. Anayehesabu vitanda vya hoteli tu ataandika kwamba Maulidi hayaingizi kitu.

Atakuwa amekosea hesabu. Mwenye nyumba anayetarajia jamaa kumi hununua mchele wa gunia, si wa kilo. Hununua mbuzi, magodoro, mikeka, mafuta ya kupikia, na huenda akampigia fundi simu apake chokaa ukuta wa mbele uliosubiri mwaka mzima. Fedha hizo huzunguka mjini kabla mgeni wa kwanza hajashuka gatini. Wageni wakifika nao hununua: halwa ya kupeleka nyumbani, leso za mama mkwe, kofia za kushonwa kwa mkono. Hata hao wasiolipa kitanda hulipa nauli ya boti kwenda Shela au Matondoni, maana huwezi kuwaleta watoto Lamu ukawanyima bahari.

Tofauti ya misimu hii miwili huonekana mambo yanapoharibika. Mwaka 2011 wageni wa kigeni walitekwa kwenye visiwa vya huko. Mwaka 2014 mashambulizi ya Mpeketoni yakafuatwa na amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti nzima. Serikali za Ulaya zikawaonya raia wao, na hoteli zilizokuwa zikimtegemea Mzungu zikabaki tupu. Nyingine zilifungwa kabisa. Binamu wa Malindi hasomi tahadhari za usafiri za London. Humpigia simu shangazi yake, amuulize kama ni salama, na akiambiwa njoo, hupanda basi. Soko la namna hiyo halitajirishi haraka, lakini halifi kwa siku moja.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni tarehe. Tamasha la Novemba hulinufaisha soko la familia kwa sababu moja tu: kwa kalenda ya sasa ya Kenya, shule nyingi huwa zimefungwa kwa likizo ndefu, na wanaobaki ni watahiniwa. Maulidi hufuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11. Mwaka 2018 yalikuja wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka. Mwaka 2025 yaliangukia Septemba, watoto wakiwa darasani. Ifikapo 2028 yatakuwa katikati ya Agosti, na mradi kalenda ya shule isibadilishwe, familia zitakuwa huru tena. Mwenye nyumba ya kupangisha anayejua kuhesabu mwezi ameshaiona nafasi hiyo. Sina hakika kama ofisi za utalii zimeiona.

Pwani ina kalenda nyingine pia, ya maji. Mbio za majahazi hupangwa kwa kuangalia upepo na bamvua, na manahodha hulijua hilo kuliko kamati yoyote. Ratiba huandika saa tisa, mgeni rasmi hufika saa kumi na moja, na kufikia hapo maji yameshapwa. Wauza viazi hufurahia kucheleweshwa huko, kwani watu wenye njaa wamesimama palepale. Wenye boti hulia, maana walikodiwa kuwapeleka watu kutazama mbio ambazo hazijaanza, na watoto waliochomwa na jua wanataka kurudi nyumbani.

Kwingine mambo huendeshwa kwa kanuni nyingine. Huko Bujora, karibu na Kisesa nje kidogo ya Mwanza, sikukuu ya Bulabo huambatana na sikukuu ya Ekaristi, kwa kawaida mwezi Juni, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Makundi mawili ya jadi ya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana. Hakuna meza ya majaji wenye karatasi za alama. Timu mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na inayovuta watu wengi ndiyo mshindi. Ndiyo maana mmoja huja na chatu shingoni, mwingine hubuni mwanasesere wa mbao anayetingisha viungo, na kila mwaka lazima pawe na kioja kipya. Mtu wa biashara akiangalia vizuri ataona hapo soko huria lililo wazi kuliko yote: mteja hupiga kura kwa miguu yake, na mtoto aliyembebesha baba yake mabegani ili aone nyoka ameshapiga kura ya watu wawili.

Wakati wake nao una akili. Ngoma za Usukumani hushamiri baada ya mavuno, pamba ikianza kuuzwa na mkulima akiwa na senti mfukoni. Hakuna mshauri aliyelipwa kupanga hivyo. Wazee walijua kwamba huwezi kumwita mtu kwenye sherehe ilhali ghala ni tupu.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa huja kila Julai. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa, wanawake huimba wakiwa wamevalia kanga mpya, na kwa desturi kila nyumba hutaka iwe na mgeni. Desturi hiyo ni nzuri sana kwa mgeni, lakini kibiashara ina tundu: anayekula bure kwa mwenyeji amelipia usafiri wake kwa kampuni ya magari ya watalii, nayo mara nyingi si ya Makunduchi. Sipendekezi pilau iuzwe. Napendekeza kijiji kiuze kile kisichokuwa cha ukarimu: maegesho ya magari, waongozaji wa kueleza kinachoendelea, vivuli vya kukalia na vinywaji baridi.

Kwa upande mwingine wa mizani liko tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na kupata jina duniani. Hujaza hoteli Februari, na Watanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa nje, jambo la busara kweli. Lakini tiketi hazikuwahi kutosha kuliendesha peke yake. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Februari shule ziko wazi na muziki huendelea hadi usiku wa manane, kwa hiyo familia hazimo kwenye hesabu yake. Kisiwa hichohicho kina viwanja vya sikukuu za Idi, ambako watoto hufika na nguo mpya na fedha za mkono wa Idi, wakajinunulia wenyewe pembea, barafu za vijiti na bastola za plastiki. Biashara hiyo haijawahi kufutwa kwa sababu mfadhili amejitoa.

Swali gumu ni la fedha hizi kubaki mjini. Kile kiazi cha karai kimetoka bara kwa lori. Unga umetoka kiwandani Mombasa. Vinyago vya plastiki vimetoka China, na muuzaji wake aliyefika na hema kubwa na kuchukua nafasi nzuri karibu na uwanja ataondoka na boti ya alfajiri, mapato yote mkobani. Majumba kadhaa mazuri ya kupangisha yana wenyewe Ulaya. Kinachobaki kwa hakika ni ujira: wa mpishi, wa nahodha na baharia wake, wa mpaka hina, wa mshona kofia.

Huyu wa mwisho ana shida ambayo mwenye karai hana. Viazi vikiisha hununuliwa vingine sokoni na kazi inaendelea. Kofia nzuri ya mkono huchukua wiki nyingi za sindano, kwa hiyo anayetaka kuuza 30 siku ya tamasha alipaswa kuwa na mtaji wa uzi na wa kula miezi kadhaa kabla. Benki haimkopeshi mtu kwa dhamana ya kofia. Vyama vya akina mama vya kuweka na kukopa hujaribu kuziba pengo hilo, na kwa maoni yangu shilingi ya mfadhili ingefanya kazi kubwa zaidi huko kuliko kwenye bango la picha yake.

Serikali za kaunti na halmashauri hupenda kuuliza zifanye nini ili tamasha likue. Mara nyingi jibu lao huwa jukwaa kubwa zaidi na msanii wa bei ghali kutoka jiji kuu. Familia haiondoki kwa kukosa msanii. Huondoka kwa kukosa choo. Mama mwenye binti wa miaka minne hatastahimili hadi fainali ya majahazi kama choo cha karibu ni cha hoteli inayomfukuza. Kivuli, maji ya kunywa, vyoo vya kulipia vinavyosafishwa, mahali pa kumpeleka mtoto aliyepotea: vyote hivyo kwa pamoja huenda visifikie gharama ya vipaza sauti vya usiku mmoja, na kila kimoja ni ajira kwa mtu wa hapo hapo. Nafasi za mbele zipewe wauzaji wa mji kwanza, wageni wafuate. Tarehe nazo zitangazwe mapema, miezi sita ikiwezekana, kwa sababu mwalimu wa Nairobi au karani wa Mwanza huomba likizo kwa barua, haombi kwa simu ya jana.

Na wewe unayefikiria kuwapeleka watoto mwaka huu: kodi nyumba yenye jiko, tena umlipe mwenyewe, usipitie madalali watatu. Usipande boti isiyo na majaketi ya kuokolea yanayomtosha mtoto, hata kama nauli yake ni nusu. Beba noti ndogo na sarafu, kwa kuwa mtandao wa simu huzidiwa watu wakijazana. Kofia inunue kwa aliyeishona, na bei yake usimkatie kupita kiasi.