ATOMI: NI NINI IKO NDANI YA MAWE YETU?



Kuna ulizo moja linarudi kila mara katika mazungumzo yetu: kobalti ya Kolwezi, njo ile ya mabomu? Wamoja wanasema ndiyo, na wanaogopa hata kupita karibu na mifuko ya mawe. Wengine wanasema jiwe ni jiwe tu, na wanachunga mawe ya rangi nzuri chini ya kitanda. Tutaona kama pande zote mbili wanakosa kitu. Lakini kwanza inafaa tuingie ndani ya jiwe, mpaka pale macho hayafiki. Twende pole pole.

1. Atomi ni nini

Tukamate kipande cha waya ya shaba, tukikate nusu, tena nusu, tena nusu. Tutakata milele? Hapana. Mwisho tutafika kwa kitu kidogo sana, ambacho tukikivunja haiko tena shaba. Kile njo atomi ya shaba. Ni ndogo namna gani? Katika gramu moja tu ya shaba, hesabu ya atomi inapita 9 yenye kufuatwa na zero 21. Andika ile namba kwa kayé yako, utaona.

2. Namna gani watu walijua

Hakuna mtu aliyefungua atomi kwa kisu. Watu walijua kwa njia ya majaribio.

Mwaka 1896, kule Paris, Henri Becquerel aliweka chumvi ya uraniumu juu ya kioo cha kupigia picha, kilichofungwa vizuri katika karatasi nyeusi. Jua halikufika pale, lakini kile kioo kilipata alama. Basi uraniumu yenyewe ilikuwa inatoa miale. Mwaka 1898 Marie Curie na bwana yake Pierre walipata elementi mbili zingine zenye kutoa miale kuipita: poloniumu na radiumu.

Katikati ya miaka ile, mwaka 1897, Thomson wa Uingereza alipata elektroni. Ni kitu chenye umeme wa kutoa (−), na ni chepesi sana: uzito wake haufiki hata sehemu moja ya 1 800 ya uzito wa atomi ya hidrojeni, ambayo ni nyepesi kuliko zote. Thomson akawaza kama atomi iko sawa bukari ambayo mtu ametia maharagi ndani: bukari ni umeme wa kujumlisha (+), maharagi ni elektroni.

Mwaka 1909, kule Manchester, Rutherford aliwapa Geiger na Marsden kazi ya kupima mawazo yale. Walitupa vipande vidogo sana, vinavyotoka katika elementi zenye miale, juu ya karatasi nyembamba ya zahabu. Ikiwa atomi ni bukari, vyote vitapita. Kweli, karibu vyote vilipita sawasawa. Lakini kimoja kimoja kati ya maelfu kilirudi nyuma! Bukari haiwezi kurudisha risasi. Mwaka 1911 Rutherford akaeleza: karibu uzito wote wa atomi, na umeme wake wote wa kujumlisha, unakusanyika mahali padogo katikati. Pale tunapaita kiini. Elektroni ziko mbali, na katikati yao hakuna kitu.

Mbali namna gani? Weka punje moja ya mahindi katikati ya kiwanja cha mupira. Kama ile punje ni kiini cha shaba, elektroni za mwisho ziko inje ya kiwanja, nyuma ya magoli.

Kisha wakajua kama kiini nacho kiko na vitu ndani: protoni, zenye umeme (+), na netroni, zisizo na umeme. Netroni ilionekana nyuma, mwaka 1932, kwa kazi ya Chadwick.

3. Ndugu wa jina moja: izotopi

Protoni njo zinapatia elementi jina. Kobalti iko na protoni 27, shaba 29, uraniumu 92. Ongeza protoni moja, jina linabadilika. Lakini netroni zinaweza kuzidi ama kupunguka, na jina linabaki lile lile. Mwaka 1913 Frederick Soddy aliita atomi za namna hii izotopi. Ni kama ndugu wawili wa nyumba moja: jina la baba ni moja, mwenendo wao katika shimia ni karibu moja, lakini ukiwaweka juu ya kilo, uzito hauko sawa.

Tukamate shaba yetu. Katika atomi 100 za shaba, karibu 69 ziko na uzito 63, na 31 ziko na uzito 65. Tufanye hesabu:

69 × 63 = 4 347
31 × 65 = 2 015
Jumla 6 362, tukigawanya kwa 100 = 63,62

Tablo ya elementi inasema 63,55. Tofauti ndogo ile inatoka kwa sababu uzito wa kweli wa zile atomi unapunguka kidogo chini ya 63 na 65. Kwa hiyo msishangae tena juu ya ile koma katika tablo.

Sasa kobalti. Ile ya udongo ni ya namna moja tu, kobalti 59: protoni 27, netroni 32. Haitoi miale hata kidogo. Kobalti 60, yenye kutoa miale ya nguvu, inatengenezwa na watu: wanatia kobalti 59 katika mashini ya nyuklea, inameza netroni moja. Kila miaka 5,3 nusu ya atomi zake zinageuka kuwa nikeli. Tangu mwaka 1951 hospitali zimeitumia kuponyesha wagonjwa wa kansa. Basi jibu la ulizo letu: hapana, kobalti ya Kolwezi haiko ya mabomu. Lakini vumbi lake ni baya kwa mapafu. Ile ni habari ingine.

4. Shinkolobwe

Jiwe la mabomu lilitoka kwa jirani yetu. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilijulikana mwaka 1915, na tangu mwaka 1922 mawe yake yalitoa radiumu katika fabrike ya Olen, Ubelgiji. Wenye kusoma mawe walipata pale namna mpya, wakazipa majina ya wale wakubwa wa atomi: becquerelite, curite, sklodowskite (jina la Marie Curie la ukoo wa baba yake), soddyite. Basi somo hili la fizike, kipande chake kimeandikwa katika udongo wetu.

Katika atomi 1 000 za uraniumu, karibu 993 ni uraniumu 238, na 7 tu ni 235. Bomu lilihitaji ile 235. Shimia haiwezi kuzitenga vizuri, kwa kuwa ni ndugu wa jina moja. Wamarekani walizitenga kwa njia ya uzito, kwa kazi kubwa sana. Sehemu kubwa ya uraniumu yao ilitoka Shinkolobwe. Tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945 bomu lile lilianguka juu ya Hiroshima. Mwaka 2004 serikali ilikataza watu kuchimba Shinkolobwe. Mwaka ule ule shimo lilianguka na watu wakafa.

5. Na sisi nyumbani?

Kolwezi nayo, pale Musonoi, mawe yenye uraniumu yalionekana pamoja na shaba. Mengine ni ya kijani, mengine ya manjano. Lakini malakiti pia ni ya kijani, na haina uraniumu. Kwa hiyo rangi haitoshi, macho yanadanganya. Kipimo kinachosema kweli ni kile cha Geiger, yule yule wa Manchester.

Miale mingine inazuiwa na karatasi tu. Lakini ukimeza vumbi ama kulivuta, miale ile inafanya kazi ndani ya mwili, na pale hakuna karatasi. Tena mawe yenye uraniumu yanatoa hewa ya radoni, isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa inazidi. Kwa hiyo tunashauri:

– tusilaze mawe tusiyoyajua katika nyumba ya kulala;
– tusitwange mawe karibu na chakula wala watoto;
– tunawe mikono mbele ya kula;
– mwenye baba ama kaka anayechimba, amweleze habari hii kwa heshima.

Maulizo: (1) Uraniumu 235 na 238, kila moja iko na netroni ngapi? (2) Kwa nini kobalti 60 inapogeuka inakuwa nikeli, haiko chuma? Leteni majibu kwa mwalimu wa shimia.