Mguu wa Mzazi Uvimbapo: Maelezo juu ya Damu Igandayo Mishipani

Katika nyumba zetu, za Mji Mkongwe na za mashamba, hutokea jambo hili: mzazi amejifungua salama, mtoto ni mzima, na nyumba imejaa furaha, kisha, siku ya nane au ya kumi na tano, mguu wake mmoja huanza kuuma na kuvimba. Bibi mmoja husema ni baridi iliyomwingia. Mwingine husema ni tende linaanza. Na mara huletwa maji ya moto na mafuta ya nazi ili mguu uchuliwe. Wote wana nia njema. Lakini katika jambo hili moja, mikono yenye nia njema yaweza kuleta msiba, na ndiyo sababu tumependa kulieleza leo.

Kwanza yafaa tujue jinsi damu inavyokwenda. Moyo huisukuma damu kwa nguvu katika mishipa iitwayo ateri, ikafika kila kiungo. Kisha damu hurudi moyoni kwa mishipa mingine iitwayo vena. Kazi ya vena za miguu ni ngumu, maana damu hupanda kutoka chini kwenda juu, na nguvu ya moyo imekwisha kupungua njiani. Kwa hiyo ndani ya vena mna vilango vidogo, vifanyavyo kazi kama mlango wa dema la mvuvi: kiingiacho hupita, wala hakirudi kilikotoka. Na nyama za shavu la mguu ndizo zisukumazo. Mtu akitembea, nyama hukaza na kulegea, na damu hupanda kilango kwa kilango. Akilala kutwa pasipo kujinyosha, mwendo wa damu hupungua.

Damu ina tabia ya kuganda, nayo ni tabia njema. Lau si hiyo, mtu aliyejikata kwa kisu cha kukunia muhogo angalitokwa na damu hata afe. Lakini damu ikiganda ndani ya mshipa, huwa donge lizibalo njia. Madaktari hutaja sababu tatu za kuganda huku: damu kwenda polepole, mshipa kuumia au kuingiwa na vijidudu, na damu yenyewe kuwa nyepesi ya kuganda kuliko desturi. Mzazi aweza kuwa nazo zote tatu. Mimba ilipokuwa kubwa iliikandamiza mishipa ya nyonga. Uzazi wenyewe, hasa wa kupasuliwa, umeijeruhi. Na mwili wake uliizidishia damu nguvu ya kuganda, ili asitokwe na damu nyingi siku ya kuzaa.

Magonjwa ya namna hii ni mawili, na hapana budi kuyapambanua. La kwanza ni la mshipa ulio karibu na ngozi. Mshipa huwa mgumu kama kamba, ngozi yake hupata wekundu na joto, na ukiguswa huuma. Aghalabu huwapata wenye mishipa ya miguu iliyotanuka, au mtu aliyetiwa maji ya dawa kwa sindano mkononi. Hili kwa kawaida hutulizwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, dawa ya maumivu aliyoikubali daktari, na kutembea. Lakini lionyeshwe kwa daktari, kwa kuwa donge laweza kurefuka likaingia ndani. Ikiwa pana usaha au homa, vijidudu vimeingia mshipani. Sindano iliyoachwa mkononi itaondolewa, na mgonjwa atapewa dawa za kuviua kabla havijaenea katika damu.

La pili, nalo ndilo la hatari, ni la mshipa wa ndani wa shavu la mguu, paja au nyonga. Halionekani kwa macho. Dalili zake tu ndizo zionekanazo. Mguu mmoja huvimba kwa saa chache au siku chache, huwa mzito, huuma, hupata joto, na pengine rangi yake hubadilika. Kwa wenye mimba na wazazi, aghalabu ni mguu wa kushoto. Tende halifanyi hivyo. Tende huletwa na minyoo midogo ichukuliwayo na mbu, na mguu huongezeka kidogo kidogo kwa miaka. Tangu mwaka 2001, Unguja na Pemba, watu waligawiwa dawa za kuyapiga vita matende, na wengi wayajua vizuri. Basi mguu uliokuwa mzima juzi, na leo umevimba peke yake, usiitwe tende.

Na kwa nini usichuliwe? Kwa sababu donge limeshika mshipani kwa upande mmoja tu, na kipande chake chaweza kung'oka. Kikisha kung'oka hupanda na damu, hupita moyoni, kikaenda kukwama katika mishipa ya mapafu. Mnamo mwaka 1856 Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, alieleza kwamba madonge aliyoyaona katika mapafu ya maiti yalitoka katika mishipa ya mbali. Mgonjwa hubanwa na pumzi ghafla, kifua humchoma avutapo pumzi, pengine hukohoa damu au huzirai. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana, asingojewe asubuhi.

Mwenye mguu uliovimba naye apelekwe siku ile ile. Aanzie kituo kilicho karibu naye, au hospitali ya Kivunge kwa watu wa kaskazini, Makunduchi kwa watu wa kusini, au Mnazi Mmoja kwa watu wa mjini. Huko daktari atauliza maswali na kuipima miguu yote miwili kwa utepe. Lakini macho peke yake hayatoshi. Kipimo kitumiwacho zaidi ni chombo cha mawimbi ya sauti yasiyosikika, ambacho huonyesha mshipa katika kioo. Mpimaji huubonyeza kidogo kwa kichwa cha chombo: mshipa mzima hubonyea, wenye donge haubonyei.

Dawa zake huizuia damu isizidi kuganda, na mwili wenyewe huliyeyusha donge taratibu. Ya sindano ni heparini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1916. Ya vidonge ni warfarini, na asili yake ni ya ajabu. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini walikufa kwa kutokwa na damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Wataalamu wakakitafuta kilichomo, na kutokana nacho wakatengeneza dawa. Mwenye mimba hupewa heparini, maana warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini anyonyeshaye aweza kutumia yoyote katika hizo mbili. Dawa hutumiwa kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Atumiaye warfarini hupimwa damu mara kwa mara, asichanganye na aspirini wala mitishamba bila ya kumwuliza daktari, na mchicha na kisamvu asivizidishe ghafla wala kuviacha ghafla.

Sasa tuseme juu ya arubaini. Hatusemi iachwe. Mzazi kupumzika, kupikiwa na kutunzwa na jamaa zake ni jambo jema. Huko Ulaya nako wazazi walilazwa kitandani siku nyingi, na mguu uliovimba waliuita mguu wa maziwa, wakidhani maziwa yameshukia huko. Hata katika miaka ya 1940 madaktari wengi wakaanza kuwaamsha mapema. Lakini lijulikane neno moja: wakati wa hatari kubwa ya damu kuganda ni wiki sita za kwanza baada ya kuzaa, nazo ni karibu sawa na arubaini yetu. Basi mzazi akae ndani, lakini asilale tu. Atembee chumbani na uani mara kadhaa kwa siku, achezeshe nyayo akiwa kitandani, na anywe maji ya kutosha. Na kila asubuhi mama au bibi amtunzaye aitazame miguu yake yote miwili.

Akiuona mmoja umeuzidi mwenziwe, mafuta yarudishwe kabatini, na gari iitwe.