Je, Wajua? Gari Getini, Mgonjwa Wodini

Ukifika kwenye geti la hospitali kubwa saa 6 mchana, maswali ni mawili: gari naliacha wapi, na mgonjwa nitamwona kwa muda gani? Yote mawili yana historia ndefu kuliko foleni iliyo mbele yako.

Kuegesha kulianzia majini
Mabaharia walikuwa na neno "egesha" kabla gari halijafika pwani yetu. Chombo kiliegeshwa gatini, yaani kilisogezwa kikakaa ubavuni mwa nchi kavu. Gari lilipokuja likaazima neno la jahazi, na leo kibao kinasema "Maegesho". Ila alama ya barabarani imebaki P ya Kiingereza. Nchi nyingi za Amerika ya Kusini huandika E, kwa kuwa neno lao la maegesho huanza na herufi hiyo. Nasi ingetufaa.

Mita ya kwanza ilidai senti 5
Tarehe 16 Julai 1935, mita ya kwanza ya maegesho ilisimikwa mjini Oklahoma City, Marekani. Mwenye wazo alikuwa mwanahabari, Carl Magee. Shida aliyoiona anaijua kila mfanyabiashara wa Kariakoo: watu wa maduka na ofisi wanawahi asubuhi, wanapaki mbele ya milango, magari yanashinda hapo hadi jioni, na mteja anazunguka mpaka anakata tamaa. Senti 5 zilinunua saa moja. Kazi kubwa ya mita ilikuwa kumfanya mtu aondoke. Shika neno hilo, tutalihitaji mbele.

Mpiga fidla aliyefunga magurudumu
Kile chuma kinachofungwa kwenye gurudumu la gari lililopaki vibaya (klampu kwa wa Nairobi, mnyororo kwa wa Dar) kilibuniwa na Frank Marugg, mpiga fidla wa okestra ya mji wa Denver aliyependa pia ufundi. Polisi wa Denver walianza kukitumia mwaka 1955. Kabla yake magari ya wakosaji yalikokotwa hadi yadi, na wenyewe walipokuja kuyachukua walilalamika kwamba yameharibiwa au yameibiwa vitu. Chuma cha Marugg kililiacha gari palepale, na mwenyewe akaaibika mbele ya wapita njia.

Japani: nafasi kwanza, gari baadaye
Sheria ya Japani ya mwaka 1962 inamtaka mwenye gari awe na mahali pa kuliweka nje ya barabara. Mjini, kabla ya kusajili gari, unawapelekea polisi uthibitisho kwamba nafasi unayo, na siku hizi ni lazima iwe ndani ya kilomita 2 kutoka nyumbani kwako. Huna nafasi, huna gari.

Hesabu ya siku ya watani
Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam una viti 60,000. Tuseme siku ya Simba na Yanga kila shabiki amekuja kwa gari, watu wanne wanne. Hayo ni magari 15,000. Gari moja, pamoja na njia ya kulipitisha, linataka kama mita 25 za mraba. Piga hesabu: mita 375,000 za mraba, sawa na viwanja vya mpira zaidi ya 50, kwa ajili ya mchezo wa kiwanja kimoja. Ndiyo maana shabiki mzoefu huliacha gari mbali, akamalizia na bodaboda au kwa miguu.

Alama iliyoanza bila kichwa
Mchoro wa kiti cha magurudumu unaouona kwenye maegesho ulichorwa mwaka 1968 na Susanne Koefoed, mwanafunzi wa Denmark. Mchoro wake ulikuwa kiti tupu. Karl Montan ndiye aliyeongeza duara juu, na kiti kikapata mtu. Nafasi yenye alama hiyo huachwa pana makusudi, ili mlango ufunguke wote na kiti kishushwe ubavuni. Anayepaki hapo "dakika mbili tu" huenda anamfungia mtu ndani ya gari lake.

Uskoti na ada ya hospitali
Mita inafaa dukani kwa sababu mteja anaweza kuharakisha. Mgonjwa je? Foleni ya daktari haiko mikononi mwake, na dripu haiendi kwa haraka zake. Uskoti iliziona ada hizo hazina haki, ikazifuta hospitalini mwishoni mwa 2008. Yalibaki maegesho ya hospitali tatu, za Glasgow, Dundee na Edinburgh, yaliyokuwa chini ya mikataba na kampuni binafsi. Mwaka 2021 serikali ikayanunua, nayo yakawa bure. England bado inatoza, lakini imewasamehe baadhi ya watu, wakiwemo wenye ulemavu, wagonjwa wanaorudi mara kwa mara na wazazi wanaokesha na watoto waliolazwa.

Lamu, chombo ndicho hutibiwa
Vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, havipitishi gari. Mzigo hubebwa na punda. Tangu 1987 shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza linawatibu punda hao mjini humo. Kwingine unaliacha gari nje ya hospitali; Lamu chombo chako kinaingia ndani na kudungwa sindano.

Mama aliruhusiwa kumwona mwanawe akiwa usingizini
Mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas' ya London, mtoto aliyelazwa hakutembelewa mwezi mzima wa kwanza. Wazazi waliruhusiwa tu kumtazama akiwa amelala, kati ya saa 1 na saa 2 usiku. Ilidhaniwa kwamba akimwona mama atalia na kuvuruga wodi. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili akiteseka kwa upweke hospitalini, na mwaka 1959 ripoti ya Kamati ya Platt ikashauri wazazi waruhusiwe bila kubanwa na saa. Wahenga wetu walishasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kabla hujatoka nyumbani
Uliza jina la wodi na namba ya kitanda. Uliza pia saa za kuona wagonjwa, na kama watoto wadogo wanaruhusiwa. Kisha hesabu muda wa kupaki ndani ya muda wa kuona.

Mimi sikuhesabu. Nilizunguka dakika 40 na hotpoti ya uji kwenye kiti cha pembeni, nikafika mlangoni kengele ya kutoka inalia. Muuguzi akaupokea uji. Mama mkubwa akanipungia mkono kutoka kitandani, mbali kule mwisho wa wodi. Uji ulimfikia, mimi sikumfikia. Kesho yake nilipanda daladala.