Mhusika mmoja, michoro mingapi?

Kijana wa Marangu anayeandaa hadithi ya picha kwa kompyuta hana haja ya kumchora mhusika upya kila anaposema. Mchoro mmoja hurudiwa. Je, ichorwe mingapi? Soma hadithi yote, uweke alama kila hali yake inapobadilika. Mjane anayenyang'anywa kihamba ahitaji minne: ametulia, ana hofu, analia, amesimama mbele ya ukoo akidai haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, iliyomo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Akichorwa akitabasamu tu, atatabasamu hata akifukuzwa, na watu watacheka. Kanga yake isibadilike, wasije wakadhani ni mama mwingine. Shemeji, miwili yatosha. Muda ukiwa mfupi, punguza ya shemeji, si ule wa nne.