Hii Mashine Hunusa Moshi Kabla Uuone: Chanuka Vile Inafungwa na Kupimwa

Umewahi kuingia chumba cha seva ukaona paipu nyekundu zimepita kwa dari, ukadhani ni za maji? Maze, hizo ni pua.

Kile kidude cheupe cha moshi umezoea hukaa tu kikingoja moshi ukifikie. Kwa chumba cha seva hiyo ni ngori, juu AC inapuliza hewa kwa nguvu na moshi kidogo unapotea kabla ufike juu. Hii ingine haingoji. Feni yake inavuta hewa mchana na usiku kupitia vishimo vidogo kwa paipu. Hewa inapita kwa filta, halafu inapigwa mwanga wa leza. Kukiwa na moshi, mwanga unatawanyika na mashine inapima. Waya ikianza tu kuungua, kabla nare yenyewe ishike, ishajua.

Unauliza inakuhusu aje? Machi 10, 2021, moto ulimaliza jengo zima la seva la OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Tovuti mamilioni zikazima, na kuna wasee data yao haikurudi.

Sasa, kufunga:

1. Usitoboe kwa kukisia. Kila shimo linahesabiwa kama kidude kimoja cha kawaida, na upana wake unatoka kwa programu ya mwenye kutengeneza mashine.

2. Kata paipu na kikataji chake, kisha utoe uchafu wote. Vumbi la plastiki likivutwa ndani, umeharibu kazi.

3. Piga gundi viungo vyote, isipokuwa pale paipu inaingia kwa mashine. Kuna siku itabidi itolewe.

4. Ngoja vumbi la ujenzi liishe, halafu uiache mashine ijifunze hewa ya kawaida ya hicho chumba.

Kupima ndiyo kazi yenyewe. Kwanza ambia masoja na wenye jengo. Pili, hakikisha fundi wa gesi ya kuzima moto ameitenga. Ukisahau hapo, gesi yote inaweza kumwagika na nyinyi mko ndani.

Halafu enda kwa shimo la mbali kabisa, mwisho wa paipu. Weka moshi wa kupimia hapo, anzisha saa. Kanuni ya NFPA 72 ya Marekani inasema hewa ifike kwa mashine ndani ya sekunde 120. Linganisha pia na zile sekunde programu ilisema. Rudia kwa kila paipu na uandike. Mwisho, choma kipande kidogo cha waya kwa umeme mdogo ndani ya chumba, AC ikiwa on, uone kama itanusa moshi kama ule wa ukweli.

Mbona shimo la mbali? Baada ya kuacha chuo nilibebea fundi mmoja ngazi kwa kazi kama hii. Alipima shimo la karibu, alamu ikalia, kila mtu akafurahi. Karatasi ikaletwa isainiwe. Mzee mmoja wa hilo jengo akasema, "Kijana, hebu jaribu kule mwisho." Tukajaribu. Dakika tatu, nne, kimya. Kiungo kimoja juu ya dari kilikuwa kimeachana, paipu inavuta hewa ya dari tu. Mashine nayo haikulalamika, juu ilijifunza hewa kiungo kikiwa tayari kimeachia. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa kawaida.

Nusu ya chumba ingekaa miaka bila pua, na taa ya kijani ikiwaka.

Basi kama uko kwa hii hustle ya umeme, ama wewe ndiye unakesha na hizo seva usiku, siku utaletewa karatasi usaini uliza swali moja tu: shimo la mwisho lilichukua sekunde ngapi? Kama hakuna mwenye jibu, usisaini.